Uzi: Nitajuaje stringi ina herufi gani ndani? Meseji za michango ya harusi zinakata salio mara tatu

KijanaWaTemeke:
Wakuu habari za muda huu, poleni na joto. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Kuna harusi ya binamu yangu, na kwa vile ukoo mzima unaamini mimi ndo "mtu wa kompyuta", kamati imeniangushia zigo la kukumbusha watu ahadi zao. Nikaona siwezi kukaa nakopi na kupesti meseji moja moja, nikaandika kiprogramu cha Python, kinasoma faili la Eksel la mweka hazina (jina, mtaa, namba, ahadi, alicholipa), kinaunda meseji halafu kinaisukuma kwa jamaa wanaouza meseji za jumla. Kinapiga kazi freshi tu, shida iko kwenye salio. Kuna watu nakatwa meseji moja, kuna watu nakatwa TATU, na maneno ni yale yale. Mfano huu hapa, jina nimebadilisha:

`Habari Bi Rehema wa Chang’ombe, kamati ya harusi inakukumbusha ahadi yako ya sh 50,000. Umeshalipa 20,000. Kikao Jumamosi saa 10 jioni.`

Nimeipima kwa len(), ile ya Python ya kuhesabu herufi, inakuja 135. Kuna mama wa Mbagala meseji yake ni ndefu kuliko hii na imekatwa moja! Nikaanza kuhisi ni hii ng' maana wengi wanaokula tatu wana hicho kialama (ritifaa) kwenye jina au kwenye mtaa, ila sasa kuna wa Chang'ombe wengine wamekatwa moja tu, hapo ndo nilipochoka.

Ninachotaka, kabla haijatuma ichungulie ile stringi (yani maandishi ya meseji), ikikuta kuna herufi korofi inipigie kelele. Niliandika hivi:

```
if "'" or "’" in ujumbe:
    print("ina ritifaa")
```

Inasema kila meseji ina ritifaa, hata ya mtu wa Tandika. Nikibakiza `"'" in ujumbe` peke yake inanigomea kwenye hiyo hiyo ya Bi Rehema wakati ritifaa naiona kwa macho yangu mawili. Msaada wakuu, kikao ni Jumamosi na mwenyekiti ni mjomba asiyetaka kusikia neno "mfumo umegoma".

SitiYaDirishani:
Nimekaa hapa, nasubiri wajuzi.

KodiNaChai:
Mkuu hilo la kwanza ni jepesi. Python haisomi sentensi yako kama unavyoisoma wewe. Wewe unasoma "kama hii au hii imo kwenye ujumbe", yenyewe inasoma "kama `"'"`, au kama `"’"` imo kwenye ujumbe". Upande wa kushoto umebaki stringi peke yake haijaulizwa chochote, na stringi yoyote isiyo tupu Python inaihesabu kuwa kweli, so haifiki hata upande wa pili, imeshamaliza kazi. Unatakiwa uulize kila moja:

```
if "'" in ujumbe or "’" in ujumbe:
```

Zikiwa nyingi usirundike or or or mpaka mwisho wa skrini, andika

```
korofi = "'’‘“”"
if any(c in ujumbe for c in korofi):
```

Hiyo `any` inapita herufi moja moja na ikipata ya kwanza inasimama hapo hapo. Ukitaka ZOTE ziwemo unaweka `all`. Basi.

KijanaWaTemeke:
Aisee asante, hii imekubali, Tandika imenyamaza. Ila bado mkuu, kwa nini Chang'ombe moja ilipe moja na nyingine ilipe tatu?

MzeeWaSemikoloni:
Kijana, hizo ni Chang'ombe mbili tofauti. Angalia vizuri kwenye andiko lako mwenyewe: ya kwenye meseji ritifaa yake imepinda kama mkia, ya kwenye maelezo yako imenyooka. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta moja ni namba 39 na nyingine ni U+2019 kwenye Yunikodi, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Ukimuuliza `in` atatafuta ile uliyompa, hatafuti inayofanana nayo.

Sasa zimetoka wapi. Ya kunyooka ni mtu aliyechapa kwenye kibodi ya laptopu moja kwa moja ndani ya Eksel. Ya kupinda imekopiwa kutoka kwenye Word, au imetoka kwenye iPhone, maana tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo zina mpangilio unaobadilisha ritifaa na alama za kunukuu zinakuwa za kupinda bila kukuuliza. Mweka hazina wako bila shaka majina mengine kayachapa mwenyewe na mengine kayakopi kwenye grupu la WhatsApp.

Na kwa nini inakula hela. Meseji moja ya simu inabeba baiti 140, hiyo ni ya kimataifa na haibadiliki. Kuna alfabeti ya GSM, ya mfumo wa simu za mkononi, ambayo kila herufi inakaa kwenye biti 7. Baiti moja ni biti 8, so baiti 140 ni biti 1120, ukigawa kwa 7 unapata zile 160 tunazozijua wote. Herufi MOJA tu ikiwa nje ya alfabeti hiyo, meseji nzima inahamishiwa kwenye UCS-2, mpangilio mwingine wa herufi, kila herufi biti 16, na nafasi inashuka mpaka 70. Soma tena hapo, meseji nzima inahama, siyo ile herufi peke yake.

Halafu ikizidi inakatwa vipande, na kila kipande kinatoa baiti 6 za maelezo ya kuviunganisha, ndo maana kipande kinabeba 153 kwa GSM au 67 kwa UCS-2. Wewe una 135. Vipande viwili vya 67 ni 134. Umezidisha herufi moja! Ungefuta nukta ya mwisho baada ya "jioni" ungekatwa mbili badala ya tatu. Na ritifaa ingenyooka ungekatwa moja.

SitiYaDirishani:
Yani nukta moja = meseji nzima. Mjomba asisome huu uzi.

KijanaWaTemeke:
Duh. Mzee shikamoo. Kwa hiyo nitafute `"’"` tu nibadilishe iwe `"'"` mchezo umeisha?

MzeeWaSemikoloni:
Marahaba. Haujaisha, leo ni ritifaa, kesho mtu atakopi jina lenye nafasi isiyovunjika, U+00A0, ambayo kwa macho ni nafasi ya kawaida kabisa lakini GSM haiijui. Keshokutwa atakuja na zile nukta tatu zilizounganishwa kuwa herufi moja, "…", Word inazitengeneza yenyewe. Kuna mistari mirefu "–" na "—". Ukiorodhesha korofi utaorodhesha mpaka uzeeke, Yunikodi ina herufi zaidi ya laki moja.

Geuza swali. Usiulize "kuna mbaya humu?", uliza "kuna yoyote ambayo HAIMO kwenye ninazoruhusu?". Pale ukumbini siku ya harusi mlinzi anakagua kadi ya mwaliko, hapewi daftari la majina ya watu wote wa Dar ambao hawakualikwa. Alfabeti ya GSM ni fupi, inaingia kwenye mistari michache:

```
import string, unicodedata

GSM = set(string.ascii_letters + string.digits +
    "@£$¥èéùìòÇ\nØø\rÅåΔ_ΦΓΛΩΠΨΣΘΞÆæßÉ !\"#¤%&'()*+,-./:;<=>?¡§¿ÄÖÑÜäöñüà")
MARA_MBILI = set("^{}\\[~]|€")

def wageni(ujumbe):
    return set(ujumbe) - GSM - MARA_MBILI

for c in wageni(ujumbe):
    print(hex(ord(c)), unicodedata.name(c, "haina jina"))
```

Hizo za `MARA_MBILI` GSM inazikubali ila kila moja inakula nafasi mbili, so ukiandika ahadi kwenye mabano ya mraba ujue umelipia zaidi. Na msishangae herufi za Kigiriki humo ndani, alfabeti ilipangwa na Wazungu wa Ulaya kwa mahitaji yao, Kigiriki wakaweka zile herufi kubwa tu zisizofanana na za Kilatini. Kiswahili chetu kinatosha humo bila jasho, hata ng' yetu, mradi ritifaa imenyooka.

DadaRegeksi:
Mzee unamchosha kijana na hayo maseti, mstari mmoja wa regeksi (fomula ya kutafuta mpangilio wa herufi) unatosha:

```
re.findall(r"[^\x20-\x7e\n]", ujumbe)
```

Ile `^` ndani ya mabano maana yake "isiyokuwa", so unaokota kila kilicho nje ya ASCII inayoonekana, yani herufi, tarakimu na alama za kibodi ya Kiingereza. Tena kama ni kujua ipo au haipo tu, tangu Python 3.7 kuna `ujumbe.isascii()`, hata regeksi huhitaji.

MzeeWaSemikoloni:
Dada ni njia ya mkato nzuri na kwa kamati ya harusi itafanya kazi, lakini haijibu swali lile lile. Mtu akiandika £ au é utampigia kelele bure, zote zimo GSM. Na akiandika ile ` ya pembeni ya namba 1 kwenye kibodi utampitisha wakati haimo. Ndiyo ASCII pekee inayoonekana isiyokuwemo, lakini kuna watu wanaitumia kama ritifaa, nimeshaona Ng`ombe zaidi ya mara moja.

DadaRegeksi:
Hapo kwenye Ng`ombe nakupa.

Ila watu mnaiogopa regeksi bure kwa sababu mmeumizwa na mambo mawili. La kwanza `[A-z]`. Mtu anadhani kaandika herufi kubwa na ndogo zote, kumbe kati ya Z na a kwenye ASCII kuna vitu sita vimekaa, `[ \ ] ^ _` na hiyo hiyo ` ya mzee. Vyote vinapita. La pili ni kistari. Kuna fomu ya majina niliikuta kazini imeandikwa `[A-Za-z '-.]`, aliyeandika alitaka kuruhusu nafasi, ritifaa, kistari na nukta. Lakini kistari kikikaa katikati ya mabano kinakuwa "kuanzia mpaka", so hapo kaandika kuanzia ritifaa mpaka nukta, na katikati yake kuna mabano ya kufungua na kufunga, nyota, jumlisha, mkato. Watu wakawa wanajisajili kwa majina yenye nyota na hakuna anayejua yanapitaje. Kistari weka mwisho kabisa, `[A-Za-z '.-]`, kinatulia.

MchapakaziPHP:
Nyie wa Python mnadeka, njooni huku kwetu. Nilipewa mfumo wa shule nirekebishe, kuna sehemu inatafuta wanafunzi ambao majina yao yana "Ng'" ili yachapwe vizuri kwenye cheti, na wenye shule wanalalamika inawakosa karibu wote. Kodi ilikuwa hivi:

```
if (strpos($jina, "Ng'")) {
```

`strpos` haisemi ndiyo au hapana, inakwambia ipo nafasi ya ngapi, na kuhesabu kunaanza sifuri. Sasa jina Ng'wandu hiyo "Ng'" ipo mwanzoni kabisa, jibu ni 0, na PHP ikiiona 0 kwenye if inasema si kweli. So aliyekuwa nayo mwanzoni, ambao ndo wengi, anahesabiwa hana! Wanaopatikana ni wale ambao ng' ipo kwenye jina la pili. Dawa yake ni `!== false` kwa alama mbili za sawasawa, siyo moja, au kama sava ina PHP 8 unatumia `str_contains($jina, "Ng'")` iliyokuja 2020, hiyo inajibu ndiyo au hapana kama mtu mzima.

JavaScript nako ni kinyume chake. `indexOf` ikikosa inarudisha -1, na -1 kwenye if ni kweli. So ukisahau kulinganisha, asiye nayo anakuwa nayo na aliye nayo mwanzoni anakuwa hana. Tumieni `includes` mlale.

KodiNaChai:
Mkuu PHP si kuna `strpbrk` ya kutafuta yoyote kati ya herufi kadhaa kwa mpigo? Ile iliyotoka C.

MchapakaziPHP:
Ipo na kwa ASCII iko vizuri. Lakini kwa uzi huu itakuumiza maana stringi ya PHP ni baiti tupu. Ritifaa ya kupinda kwenye UTF-8, namna ya kuhifadhi Yunikodi kwa baiti, ni baiti tatu, E2 80 99. Ukimpa `strpbrk` hiyo ritifaa haoni herufi moja, anaona baiti tatu za kutafuta kila moja kivyake. Akikutana na zile nukta tatu "…", ambazo ni E2 80 A6, atasema nimepata! Wakati ritifaa haipo kabisa. Tumia `preg_match("/[’‘]/u", $s)` na usisahau hiyo `u` mwishoni, bila hiyo unarudi kwenye baiti.

DadaBagi:
Mimi naomba niseme kitu kwa uchungu maana mada imenigusa. Jina la ukoo la mama yangu lina ng'. Kuna taasisi moja sitaitaja, fomu yao ya mtandaoni ukiandika jina inakujibu kwa wino mwekundu "jina lina herufi zisizoruhusiwa". Ukipiga simu wanakwambia andika bila hicho kialama. Haya, ukiandika bila, ukienda dirishani na kitambulisho unaambiwa majina hayalingani nenda kaape mahakamani. Kiapo hicho kinalipiwa jamani! Ni kwa sababu ya developa mmoja aliyeandika `^[A-Za-z ]+$` akaenda kunywa soda, na ninaapa huyo ni Mtanzania mwenzetu anayepita Chang'ombe kila siku kwenda kazini.

Na nawajua kwa nini wanaikataa, nimefanya nao kazi. Wanaogopa ile ritifaa itavunja swali la databesi, maana kwenye SQL, lugha ya kuongea na databesi, ndiyo inayofunga stringi, so mtu mbaya anaweza kuitumia kuingiza amri zake. Woga ni wa kweli lakini dawa wameikosea. Huchunguzi kama jina lina ritifaa, unatenganisha amri na data:

```
cur.execute("SELECT * FROM wachangiaji WHERE mtaa = ?", (mtaa,))
```

Hapo mtaa ukiwa Chang'ombe, Mang'ula, au ukiwa na ritifaa kumi, databesi inajua hiyo ni data tu. Kuchuja herufi kwa ajili ya usalama wa SQL ni kuwaadhibu akina mama yangu na mwizi bado anapita mlango mwingine.

SitiYaDirishani:
Dada umeua. Mimi naitwa jina la kawaida lakini nimeumia.

MpigaPasi:
Na wenye filta za matusi je? Kuna grupu la michango tulikuwa nalo kwenye app fulani, mtu akiandika "nimekuja kumalizia mchango wangu" meseji inafutwa. Tulidhani mweka hazina anachuja wasiomalizia. Kumbe filta inatafuta tusi moja la herufi nne kwa mtindo wa `if tusi in ujumbe`, na hizo herufi nne ndo mwanzo wa "kumalizia". Na "kumaanisha". Sitaliandika, angalieni wenyewe.

KodiNaChai:
😂😂 Hiyo ni ya kimataifa mkuu, mwaka 1996 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, waliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe kule Uingereza kufungua akaunti, kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna tusi la Kiingereza. Kwa kesi yako unataka neno zima, siyo kipande, so kwenye regeksi unaweka `\b` pande zote mbili, `r"\b" + tusi + r"\b"`. Ila Kiswahili bado kitakuchengesha maana matusi yetu yanavaa viambishi, ukitaka neno zima mtu anaongeza silabi mbili anapita. Mimi hiyo kazi ningemwachia admini wa grupu.

KijanaWaTemeke:
Wakuu nimeendesha ile ya mzee kwenye faili zima. Iliyotoka:

```
0x2019 RIGHT SINGLE QUOTATION MARK
0xa0 NO-BREAK SPACE
0x2013 EN DASH
0x60 GRAVE ACCENT
```

Hiyo 0xa0 ipo kwenye watu wa Tandika ambao hata ng' hawana, ndo walikuwa wananichanganya, inaonekana mitaa yao imekopiwa sehemu moja. Na 0x60 mzee ulisema, kuna Ng`ombe humu kweli. Mstari wa U+2013 umetoka kwa mtu kaandika ahadi yake "50,000–70,000", huyo ana mambo yake. Nimeweka hii kabla ya kutuma:

```
badili = str.maketrans({
    "\u2018": "'", "\u2019": "'", "`": "'",
    "\u201c": '"', "\u201d": '"',
    "\u2013": "-", "\u2014": "-",
    "\u2026": "...", "\u00a0": " "})
ujumbe = ujumbe.translate(badili)
```

Halafu baada ya hapo naita `wageni(ujumbe)`, ikibaki na kitu haitumi, inaniandikia jina la mtu nikamwangalie. Bi Rehema sasa meseji moja. Ila mjomba kaja na jipya, anataka kila meseji iishie na ile emoji ya pete 💍.

MzeeWaSemikoloni:
Mwambie bei kwanza. Emoji haimo GSM kwa hiyo umerudi kwenye 70. Tena `len()` ya Python inakwambia pete ni 1, lakini kwenye mtandao inakaa nafasi mbili za biti 16. Kipimo chake cha kweli ni

```
len(ujumbe.encode("utf-16-le")) // 2
```

135 zako, nafasi moja, pete mbili, jumla 138. Meseji tatu kwa kila mchangiaji. Pete iwekeni kwenye kadi.

KijanaWaTemeke:
Nimempigia hesabu kwa shilingi, kanyamaza kidogo halafu akasema "weka tu neno hongera". Sawa.

La mwisho wakuu. Kuna namba za simu zinagoma kutuma, nazitazama ziko sawa kabisa, +255 na tarakimu tisa. Nikipima len() inaleta 15 wakati ilitakiwa 13.

KodiNaChai:
Chapisha `print(ascii(namba))` utuwekee, ficha tarakimu.

KijanaWaTemeke:
`'\u202a+2557xxxxxxxx\u202c'`

Hizo pembeni ni nini tena?

DadaRegeksi:
Alama zisizoonekana za kuelekeza maandishi yasomeke kushoto kwenda kulia, zipo kwa ajili ya watu wanaochanganya Kiarabu au Kiebrania na Kilatini. Ukikopi namba kutoka kwenye orodha ya majina ya baadhi ya app zinang'ang'ania hapo pembeni. Hapa hata usihangaike kuzitafuta, chukua unazotaka:

```
namba = "".join(c for c in namba if c in "+0123456789")
```

Usitumie `c.isdigit()` kuchuja, maana Python inahesabu ² kuwa tarakimu, na ٧ ya Kiarabu pia, na Zanzibar na Kariakoo kuna wazee simu zao zina kibodi ya Kiarabu kweli.

MchapakaziPHP:
Na ukitoka hapo usije ukaandika `if "255" in namba` kuangalia kama ina kodi ya nchi, kuna namba za 07 zina 255 katikati. `startswith("+255")`. Kingine, Eksel ikiona 0 mwanzoni na seli siyo ya maandishi inaila, so utakuta namba zinaanza na 7 au 6 zikiwa tarakimu tisa, hizo unaziongezea +255 mbele.

KijanaWaTemeke:
Zipo hizo nyingi tu. Na kuna seli zina namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, ya baba na ya mama.

DadaRegeksi:
Basi hizo zigawe kwanza kwa `namba.split("/")` kabla ya kuchuja, ukichuja kabla zitaungana kuwa tarakimu ishirini. Kila kipande kikishasafishwa na kuwekewa +255 kipime, kikiwa siyo 13 kiruke na ukiandike pembeni.

KijanaWaTemeke:
Poa. Nagawa, nachuja, napima. Ya baba na ya mama zote zinatumiwa au naanza na ya mama?

SitiYaDirishani:
Ya mama. Ahadi kaitoa baba lakini hela anayo mama.